Saini ya Mama na Printa ya Nyumbani

Mwaka 1843, jijini London, Henry Cole alikuwa na barua za heri za Krismasi nyingi kuliko muda wa kuzijibu, akamwomba rafiki yake mchoraji, John Callcott Horsley, amchoree kadi moja itakayochapishwa kwa wingi na kupelekwa kwa kila aliyestahili jibu. Picha ilichapishwa, maneno ya heri yalichapishwa, lakini juu ya kadi na chini yake ziliachwa nafasi mbili tupu: ya juu kwa jina la mpokeaji na ya chini kwa jina la mtumaji. Wanaolalamika kwamba saini iliyochapishwa inaiharibia kadi ya salamu heshima yake husahau kwamba kadi yenyewe ilibuniwa ili kumpunguzia mwandishi kazi, na kwamba tangu hapo swali limebaki lile lile: kazi ipi iachiwe mashine na ipi ibaki kwa mkono. Baada ya misimu kadhaa ya kuchapisha saini kwenye kadi kwa printa ya nyumbani, nimefika kwenye jibu langu. Nafasi ya chini inaweza kuachiwa mashine, mradi kazi ifanywe vizuri. Nafasi ya juu haiwezi.

Nilianza kwa sababu ya Mama. Baridi yabisi imemkamata vidole, na siku nyingine kalamu haikai mkononi mwake hata kwa dakika chache, ilhali orodha ya watu anaowatumia kadi haijapungua: wajukuu, wakwe, mashoga zake wa zamani, na waliofanya kazi pamoja naye. Nilipopendekeza niandike jina lake mimi, alikataa. Kwake, kadi isiyo na saini yake ni karatasi iliyotumwa na mtu mwingine, na jina lake kwa mwandiko wangu ni uongo mkubwa kuliko saini yake mwenyewe iliyopitia kwenye mashine. Niliitafakari hoja hiyo nikaona ina uzito. Saini iliyochapishwa ni nakala ya kitu alichokifanya. Jina ambalo ningeliandika mimi ni kitu ambacho hakukifanya kabisa.

Kazi yote inategemea saini ya kwanza, ile ya karatasini, na hapo ndipo watu wengi hufanya haraka. Huchukua kalamu iliyo karibu na kipande cha karatasi kilichochanwa daftarini, kisha hushangaa kuona mistari ya daftari ikijitokeza nyuma ya jina. Karatasi inayofaa ni nyeupe, laini, isiyo na mistari, na isiyopitisha kivuli cha kilichoandikwa upande wa pili. Wino uwe mweusi, hata kama saini itachapishwa kwa rangi nyingine, kwa kuwa kadiri wino unavyotofautiana na karatasi ndivyo kompyuta inavyoweza kuvitenganisha bila kuung'ata mstari. Kalamu ya biki haifai sana, kwani mstari wake ni mwembamba na mara nyingi una mfereji mweupe katikati ambao jicho haliuoni lakini skana inauona. Kalamu ya maka yenye ncha nyembamba, au kalamu ya wino yenye nibu, hutoa mstari uliojaa.

Kuhusu ukubwa, yafaa saini iandikwe kwa kipimo cha kawaida cha mwenyewe, au kubwa kidogo tu. Picha ikipunguzwa, mitetemo midogo ya mkono humezwa. Ikikuzwa, kila mtetemo huonekana na kingo hukwaruzika. Hata hivyo, mtu akiambiwa aandike saini kubwa sana, huacha kuiandika na kuanza kuichora, na matokeo yake hayafanani naye. Mama aliandika yake kushuka ukurasa mzima, akipumzika kati ya moja na nyingine na kuvinyoosha vidole juu ya meza. Nilidhani angechagua iliyonyooka kuliko zote. Badala yake aliweka kidole kwenye mojawapo ya zile za katikati, yenye herufi ya kwanza iliyoinama kidogo na mkia wa mwisho uliorudi nyuma kupita chini ya jina lote, akasema, "Hii ndiyo iliyotoka bila mimi kuifikiria." Kwenye mkia huo palikuwa na nukta nzito, pale ambapo kalamu ilisita kabla ya kugeuka. Niliamua kwamba nukta ile haitaguswa.

Kuskani ni hatua rahisi ikiwa namba zimeeleweka. Skana nyingi za nyumbani huja zikiwa zimewekwa kwenye nukta 200 au 300 kwa inchi, kiwango kinachotosha barua lakini kisichotosha mstari mmoja mwembamba ambao ndio picha nzima. Mimi hutumia nukta 600. Saini yenye upana wa sentimita 10 ikiskaniwa hivyo hutoa picha ya takriban pikseli 2,360 kwa upana, na ikichapishwa kwa upana wa sentimita 5 kila inchi hupata pikseli karibu 1,200, kiasi ambacho hakuna jicho litakaloona ngazi kwenye kingo zake. Niliskani kwa rangi ya kijivu badala ya nyeusi na nyeupe tupu, kwa sababu hali ya nyeusi na nyeupe hulazimisha kila nukta iwe wino au isiwe wino, na hivyo hupoteza yale maeneo ambapo kalamu ilipita kwa wepesi. Kwa asiye na skana, kamera ya simu inaweza kusaidia ikiwa karatasi imelazwa karibu na dirisha, simu imeshikwa sambamba nayo, na kivuli cha mkono hakijaanguka juu yake. Kasoro yake ni kwamba mwanga haulingani, na kona moja ya picha hutoka na kijivu kisichokuwa cha karatasi.

Kijivu hicho ndicho adui mkubwa wa kazi hii. Watu husema saini yao ilitoka ikiwa imezungukwa na "boksi jeupe", lakini printa ya kawaida haina wino mweupe. Nyeupe kwa printa maana yake ni kutochapisha chochote. Boksi linaloonekana ni la kijivu hafifu au umanjano hafifu, rangi ya karatasi ya awali kama skana ilivyoiona, na kwenye kadi ya rangi ya maziwa huonekana kama kiraka. Dawa yake ni kuurekebisha mwanga wa picha mpaka usuli wote uwe mweupe kabisa na wino ubaki mweusi. Programu ya GIMP, ambayo hupatikana bure, huweza pia kuugeuza weupe wote kuwa uwazi, na hiyo ndiyo njia bora kwa sababu kingo za mstari hubaki laini. Atakayeufuta usuli kwa kuteua eneo na kulikata atajikuta na saini inayoonekana kama iliyokatwa kwa mkasi.

Baada ya hapo faili lihifadhiwe kama PNG. JPEG haihifadhi uwazi, na zaidi ya hapo hupunguza ukubwa wa faili kwa kutupa taarifa, jambo linalovumilika kwenye picha ya mandhari lakini linaloacha ukungu wa vijidoa kando ya mstari mweusi juu ya weupe. Wapo wanaokwenda mbele zaidi na kuigeuza saini kuwa mchoro wa mistari ya kihesabu, kwa mfano kwa programu ya Inkscape, ili iweze kukuzwa hadi ukubwa wowote bila kuharibika. Nimeijaribu njia hiyo na siipendi kwa kadi. Kompyuta hulainisha kila kona, na ile nukta nzito ya Mama ikageuka kuwa uvimbe wa mviringo kamili ambao hakuna kalamu duniani iliyowahi kuuacha. Kwa saini itakayochapishwa kwenye bango, ndiyo. Kwa kadi itakayoshikwa mkononi, hapana.

Rangi inastahili maneno yake. Saini nyeusi kabisa, iliyokaa chini ya maneno ya salamu yaliyo meusi kabisa, husomeka kama sehemu ya maandishi yale. Buluu iliyokolea, inayokaribia weusi, huitenga saini na maandishi na kuirudisha kwenye familia ya wino wa kalamu. Kwa wanaopenda namba, mimi huanzia kwenye nyekundu 20, kijani 30 na buluu 90, kwa kipimo cha kompyuta cha 0 hadi 255, kisha hurekebisha kulingana na karatasi, kwa kuwa karatasi ya umanjano huivuta buluu kuelekea kijani. Buluu nyangavu haifai. Huonekana ya kikatuni, na kwa kuwa printa huitengeneza kwa kuchanganya nukta za rangi mbalimbali, mtu mwenye macho mazuri ataziona nukta zenyewe pembeni mwa mstari.

Sasa kadi yenyewe. Karatasi ya kawaida ya ofisi ina uzito wa gramu 80 kwa mita ya mraba, na kadi inayosimama yenyewe juu ya meza huanzia karibu gramu 200 na kupanda hadi 300. Tofauti hiyo printa huihisi. Printa nyingi za nyumbani zenye trei ya mbele huvuta karatasi na kuigeuza nyuzi 180 ndani ya tumbo la mashine kabla ya kuitoa, na kadi nene haipendi kupindwa hivyo: hukwama, hutoka imejikunja, au rola huteleza juu yake na saini ikashuka mahali pasipotarajiwa. Ikiwa printa ina mdomo wa nyuma wa kulishia karatasi moja moja, huo ndio utumike, kwani njia yake imenyooka zaidi. Mwongozo wa printa hutaja uzito wa juu kabisa inaoweza kuubeba, na mara nyingi trei na mdomo wa nyuma vina viwango tofauti. Pia kuna mpangilio wa aina ya karatasi ndani ya kompyuta, ambao watu huupita bila kuutazama. Si pambo, ndio unaoiambia mashine iachie wino kiasi gani na, kwenye printa nyingi za wino, itumie wino mweusi upi.

Jambo hilo la wino mweusi liliniwia gumu kulielewa hapo mwanzo. Katika printa nyingi za wino za nyumbani, kartriji nyeusi ina wino wa chembe, ambao hukaa juu ya karatasi na kustahimili maji, wakati kartriji za rangi zina wino wa kuyeyuka, ambao huzama kwenye nyuzi za karatasi na kusambaa ukilowa. Ukichagua karatasi ya picha yenye kung'aa, mashine nyingi huiacha kartriji nyeusi na kuunda weusi kwa kuchanganya rangi. Ndiyo sababu saini ile ile inaweza kutoka kali kwenye kadi moja na yenye ukungu kwenye nyingine bila faili kubadilika. Na ndiyo sababu saini ya buluu iliyokolea, kwa uzuri wake wote, humwagika ikiguswa na kidole chenye maji: mara nyingi imetengenezwa kwa wino wa rangi. Kadi zitakazopita kwenye mikono mingi, au zitakazosafiri wakati wa mvua, mimi huzichapa kwa nyeusi na kukubali hasara ya uzuri.

Printa ya leza haina tatizo la maji, kwa kuwa tona ni unga unaoyeyushwa na kushikizwa kwenye karatasi kwa joto la karibu nyuzi 200 za Selsiasi. Ina matatizo yake. Kadi yenye mikwaruzo ya makusudi kama kitambaa haipokei tona kwenye mabonde yake, na saini hutoka na mapengo. Tona inayopita juu ya mkunjo hupasuka. Na karatasi yenye tabaka la kung'aa lililotengenezwa kwa ajili ya wino haipaswi kabisa kuingizwa kwenye leza, kwa sababu tabaka hilo linaweza kuyeyuka na kung'ang'ania ndani ya mashine. Onyo hilo linazihusu pia kadi za dukani zenye vumbi la kumetameta au karatasi ya dhahabu.

Kadi za dukani, kwa ujumla, ndizo zinazowasumbua wengi, kwa maana zimekwisha kunjwa na mara nyingi uso wake umepakwa vanishi. Wino hauingii kwenye vanishi; hukaa juu yake ukilowa kwa saa nyingi, kisha hufutika kwa kidole gumba. Bahati nzuri ni kwamba kadi nyingi hazipakwi vanishi kwa ndani, na saini hukaa ndani. Njia ya haraka ya kujua ni kugusa sehemu iliyofichika kwa ncha ya kalamu ya wino na kusubiri: wino ukinywewa, printa ya wino itafanya kazi. Kadi ifunguliwe na kulazwa wazi kabisa kabla ya kuingizwa. Ikiingizwa ikiwa imekunjwa, unene wake huwa mara mbili, na mdomo wake uliofunguka unaweza kushikwa na rola na kugeuzwa sikio la punda.

Anayetengeneza kadi zake mwenyewe ana uhuru zaidi, na vipimo vyake ni rahisi. Karatasi ya A4 ni milimita 210 kwa 297. Ikikunjwa katikati hutoa kadi ya A5, inayoingia kwenye bahasha ya C5 yenye milimita 162 kwa 229. Nusu ya A4 ikikunjwa hutoa A6, ya kuingia kwenye bahasha ya C6. Kwa kadi ya A5 inayofunguka kama kitabu, ukurasa wa ndani wa kulia huanza milimita 148.5 kutoka ukingo wa kushoto wa karatasi iliyolazwa, na kitovu chake kiko kwenye milimita 223 hivi. Saini yenye upana wa milimita 50 iliyokusudiwa kukaa katikati ya ukurasa huo itaanza kwenye milimita 198. Kwa macho yangu, hata hivyo, saini iliyokaa katikati kamili inaonekana ya kiofisi. Mkono wa mtu huelekea kulia na hupanda kidogo, kwa hiyo huisogeza saini milimita kumi na kitu upande wa kulia, na kuiinamisha kwa nyuzi mbili au tatu.

Vipimo hivyo vyote huwa bure ikiwa dirisha la kuchapisha limeachwa kwenye hali ya kutosheleza ukurasa, kwani kompyuta itapunguza kila kitu kwa asilimia chache bila kuuliza, na saini itasogea. Chagua ukubwa halisi, asilimia 100. Kuchapisha bila pambizo nako huwa na tabia ya kuikuza picha kidogo ili rangi ifike hadi ukingoni, na mimi huikwepa kwenye upande wa ndani. Kama kadi ina picha nje na saini ndani, upande wa pili ugeuzwe kwa ukingo mfupi wa karatasi, la sivyo saini itakuwa kichwa chini. Huu ni uchokozi mdogo ambao printa za kila aina hushirikiana. Jaribio lifanyike kwa karatasi ya kawaida iliyokatwa kwa ukubwa wa kadi na kuwekewa mshale wa penseli unaoonyesha ilivyoingia, kisha karatasi hiyo iwekwe juu ya kadi halisi na kuinuliwa mbele ya taa. Mahali saini ilipoangukia pataonekana bila kuharibu kadi yoyote. Hata baada ya jaribio kufaulu, kadi moja na nyingine zitatofautiana kwa milimita moja au mbili, kwa sababu rola za nyumbani si za kiwandani, na kwa saini tofauti hiyo ni faida tupu.

Nasema ni faida kwa sababu kinachoisaliti saini iliyochapishwa, zaidi ya wino na karatasi, ni kufanana. Mwaka 2022 mwanamuziki Bob Dylan aliomba radhi hadharani baada ya wanunuzi wa toleo maalumu la kitabu chake, lililouzwa kama lililosainiwa kwa mkono, kuweka picha za nakala zao pamoja na kugundua kwamba saini zilikuwa zinalandana mno. Mashine ndiyo iliyosaini, na mchapishaji aliwarudishia fedha zao. Familia nazo huweka kadi pamoja. Wajukuu wawili wa nyumba moja wakizipanga kadi zao kwenye rafu, wataona mkia ule ule na nukta ile ile mahali pale pale. Kwa hiyo niliskani saini kadhaa za Mama kutoka kwenye ukurasa ule ule na kuzipishanisha, nikihakikisha kwamba nyumba moja haipati saini moja mara mbili. Siyo kwa ajili ya kumdanganya mtu. Wote wameambiwa kwamba saini inatoka kwenye printa. Ni kwa sababu kadi iliyofanana kabisa na ya ndugu yako haisemi kitu juu yako.

Na hapo ndipo penye ile nafasi ya juu. Jina la mpokeaji Mama huliandika mwenyewe, kadi chache kwa siku, kwa herufi kubwa kubwa zinazopanda na kushuka, na siku vidole vikikataa hungoja kesho. Ni neno moja tu, na mara nyingi ni jina la utani, kwa hiyo analimudu. Nimeona watu wakiigeuza kazi hii: huchapisha majina yote kutoka kwenye orodha ya kompyuta, kwa kuwa programu za maandishi zinafanya hivyo kwa urahisi, kisha hujitesa kusaini kadi mia moja kwa mkono hadi saini inakuwa mchoro wa mawimbi. Mpokeaji hapati kitu katika mawimbi yale. Saini yako ameiona mara nyingi. Jina lake kwa mkono wako ndilo ambalo halikuandikwa kwa mtu mwingine yeyote.

Zipo kadi ambazo sizichapi saini hata kidogo, nazo ni za rambirambi. Mwezi Desemba mwaka 2004, aliyekuwa Waziri wa Ulinzi wa Marekani, Donald Rumsfeld, alishutumiwa vikali ilipojulikana kwamba barua za pole kwa familia za wanajeshi waliouawa zilikuwa zikisainiwa kwa mashine, akaahidi kuzisaini mwenyewe kuanzia hapo. Nchini humo, mwaka 2011, Rais Barack Obama akiwa ziarani Ufaransa aliagiza sheria isainiwe kwa mashine kama hiyo, na ubishi uliozuka ulikuwa wa wanasheria na wanasiasa. Ule wa 2004 ulikuwa wa wafiwa. Mama anapotuma pole, huandika jina lake hata kama herufi zitaishia njiani, na hakuna aliyewahi kulalamika kwamba hazisomeki.

Usalama haujadiliwi vya kutosha katika habari hizi. Faili safi la saini, lenye usuli wa uwazi na ubora wa juu, ni chombo ambacho mtu mwenye nia mbaya angeweza kukibandika chini ya hati yoyote. Na kadi yenyewe, ikiwa na saini kali kwenye karatasi nyeupe, inaweza kuskaniwa na yeyote aliyeipokea au kuiokota. Ushauri wangu ni kwamba saini ya kadi isiwe ile ya benki wala ya mikataba. Mama hutumia jina lake la kwanza pekee, jina ambalo halijawahi kuwekwa kwenye hundi. Faili silitumi kwa barua pepe, siliachi kwenye kompyuta ya watu wengi, wala silihifadhi ndani ya waraka wa kadi ninaomshirikisha mtu mwingine, kwa sababu picha iliyo ndani ya waraka hutolewa kwa mibonyezo michache. Linakaa kwenye diski mweko, ndani ya bahasha, kabatini kwa Mama na si kwangu.

Lipo kwake kwa sababu ni lake. Mwaka 1545 Henry VIII wa Uingereza, ambaye afya yake ilikuwa imedhoofika, aliruhusu saini yake iwekwe kwa muhuri mkavu ulioacha alama karatasini, kisha mwandishi akaijaza alama hiyo kwa wino; na kila hati iliyopitia muhuri huo iliingizwa kwenye orodha ambayo mfalme alionyeshwa kila mwezi. Sisi nasi tuna orodha yetu. Kabla ya kuchapa ninamsomea Mama majina yote, naye husema nani apate kadi ipi, nani aongezwe, na nani ameshafariki ila mimi sikuambiwa. Msimu uliopita alinisimamisha kwenye jina la shemeji yake mmoja, mwalimu mstaafu. "Huyo mtoe kwenye mashine," alisema. "Alinifundisha mwandiko. Nitamwandikia mwenyewe, hata ikichukua wiki."